Gari la Theluji katika Matope ya Mau: Mwalimu Achague Lipi?

Katika magari mengi madogo ya gia otomatiki yanayoletwa kwetu kutoka Japani, kando ya mkono wa gia pana kitufe kidogo kilichoandikwa neno la Kiingereza lenye maana ya theluji. Wengi wetu hatujapata kukibonyeza, na wanaokibonyeza aghalabu hufanya hivyo kwa mzaha. Si ajabu, maana Nakuru iko kusini kidogo tu mwa Ikweta, na watu wake wengi huijua theluji kwa kuisoma katika vitabu vya jiografia au kwa kuutazama mlima Kenya kutoka mbali siku ya anga jeupe.

Mimi nilikibonyeza siku moja bila mzaha wowote. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Julai, miaka michache iliyopita, nami nilikuwa nikiwarudisha shuleni wanafunzi watatu wa kidato cha nne kutoka mdahalo uliofanyika mjini. Gari lilikuwa langu, saluni ya rangi ya fedha niliyoinunua kwa mkopo wa chama cha ushirika. Muuzaji alikuwa amenihakikishia kwamba, maadamu injini yake huyasukuma magurudumu yote manne, gari hilo “halijui tope”. Tulipofika nyanda za juu za Mau, mvua ya mawe ikanyesha kwa muda wa robo saa, na ilipokatika barabara ilikuwa nyeupe pe. Wanafunzi walishangilia. Nikabonyeza kitufe. Gari likapanda kilima bila kusita, likayapita matatu mawili na lori la viazi yaliyokuwa yamekwama kando, nami nikajiona bingwa. Kisha tukaanza kuteremka.

Mteremko wenyewe haukuwa mkali, wala mwendo wetu haukuwa wa kutisha. Lakini nilipokanyaga breki, gari halikunisikia. Liliendelea kuteleza kimya kimya kana kwamba hakuna mtu aliyeshika usukani, likageuka ubavu, likagonga ukingo wa udongo kwa upande wa abiria. Tunamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyepoteza maisha. Hata hivyo msichana mmoja alivunjika mkono wa kulia, mkono wa kuandikia, miezi minne kabla ya mtihani wa kitaifa. Wazazi wake hawakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililonifanya nijilaumu zaidi.

Siku ya tatu fundi aliliinua gari lile, akaniita nije nitazame chini yake. Mambo aliyonionyesha siku hiyo, pamoja na yale niliyojifunza baadaye kwa kusoma na kuuliza, ndiyo ninayotaka kuwagawia wasomaji leo, hasa walimu wenzangu. Sisi ni watu ambao mara nyingi hununua gari moja kwa mkopo wa miaka mingi, kisha tukapangiwa shule mahali ambapo lami hukomea sokoni.

Kuna atakayeuliza: theluji na sisi wapi na wapi? Swali hilo lina haki yake. Lakini tukumbuke kwamba Bonde la Ufa la kati si nchi tambarare yenye hali moja ya hewa. Mji wa Nakuru uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Molo iko mita 2,500 hivi. Na ukiendelea hadi Timboroa unavuka mita 2,700. Vilima vya Kericho na Nandi, vilivyo jirani zetu upande wa magharibi, vinajulikana duniani kote kwa wingi wa mvua ya mawe, na wakulima wa majani chai wanaujua uchungu wake. Mwezi Septemba 2008, wakazi wa Busara karibu na Nyahururu waliona kilima kizima kimefunikwa weupe, wakatoka na watoto kuushika kwa mikono na hata kuuonja. Habari zikaenea kwamba theluji imeanguka Kenya. Wataalamu wa hali ya hewa walieleza kuwa yalikuwa mawe ya mvua yaliyolundikana na kushikamana. Ila kwa dereva tofauti hiyo ni ndogo mno, kwani tairi haliulizi barafu ilikotoka.

Isitoshe, tunayo theluji yetu ya kila mwaka, nayo ni tope. Mvua za masika huanza mwezi Machi, na katika sehemu nyingi za Mau na Molo mawingu hayaondoki hata Agosti. Udongo wetu mwingi ulitokana na majivu ya volkeno. Wakati wa kiangazi huwa vumbi laini linalopenya hata kwenye masanduku ya vitabu, na wakati wa mvua huwa utelezi kama sabuni. Watengenezaji wa tairi wenyewe waliutambua udugu huu zamani. Ukitazama ubavu wa baadhi ya tairi utaona herufi M na S zimeandikwa pamoja, nazo husimama badala ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya matope na theluji. Kwa hiyo mtu wa Kuresoi anayetafuta gari la masika na mtu wa kaskazini mwa Japani anayetafuta gari la majira ya baridi kali wanauliza swali moja: gari dogo lipi litakwenda, litapinda na litasimama mahali ambapo ardhi imekataa kushikwa?

Hebu tuanze na kusimama, kwa kuwa ndiko kunakosahauliwa, na kwa kuwa ni somo ambalo mwalimu wa fizikia anaweza kulifundisha kesho asubuhi. Umbali ambao gari huhitaji ili lisimame ni mraba wa kasi yake ukigawanywa kwa mara mbili ya kipimo cha msuguano kikizidishwa kwa nguvu ya mvutano wa ardhi, ambayo ni 9.8. Kwenye lami kavu, kipimo cha msuguano kati ya tairi nzuri na barabara ni 0.7 hivi. Kwenye lami iliyolowa hushuka hadi 0.4 au 0.5. Kwenye theluji iliyoshindiliwa huwa 0.2 hivi, na kwenye barafu tupu 0.1 au chini zaidi. Tope laini juu ya ardhi ngumu linaweza kukaribiana na theluji.

Sasa mwanafunzi achukue kalamu. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hukata takriban mita 16.7 kila sekunde. Kwenye lami kavu litasimama baada ya mita 20 hivi tangu breki zishike. Kwenye lami yenye maji ya kipimo cha 0.4 litahitaji mita 35. Kwenye theluji litahitaji mita 71. Na kama njia inateremka mita 1 kwa kila mita 10, uzito wa gari wenyewe hula nusu ya msuguano huo mdogo, na umbali hurudufika hadi mita 142, ambayo ni zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira. Kipimo kikishuka hadi 0.1 katika mteremko huo huo, gari halitasimama kamwe kwa breki peke yake. Hizi ni hesabu za breki tu. Sekunde moja ambayo dereva hutumia kushtuka na kuinua mguu huongeza mita nyingine 17.

Itazameni vizuri kanuni hiyo. Hakuna mahali palipoandikwa nguvu za injini. Hakuna mahali palipoandikwa idadi ya magurudumu yanayosukumwa. Uzito wa gari haumo, na bei yake haimo. Vilivyomo ni viwili tu ambavyo mwanadamu anaweza kuvitawala: kasi, ambayo imo mguuni mwa dereva, na msuguano, ambao umo katika tairi. Ukipunguza kasi kutoka kilomita 60 hadi 30, zile mita 71 za theluji zinakuwa 18 tu. Gari langu lilikuwa na uwezo wa kupanda kuliko magari yote yaliyokuwa njiani siku ile, na uwezo huo ndio uliotuponza. Ulinifikisha kileleni kwa kasi na kiburi ambavyo tairi zangu hazikuweza kuvilipia upande wa pili. Gari la kusukuma magurudumu manne husaidia kuondoka na kupanda. Haliongezi hata chembe katika kusimama, kwa sababu kila gari, liwe la bei gani, lina breki katika magurudumu yote manne.

Historia ya nchi yetu inaunga mkono jambo hili. Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka 1953, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani katika masika yenyewe. Mwaka 1963 yalianza magari 84 na yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, na tena yakamaliza 7. Katika miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiwa na Paddy Cliff, na gari lao lilikuwa Peugeot 404, saluni ya familia iliyosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma. Erik Carlsson kutoka Sweden alipata nafasi ya pili mwaka 1964 kwa Saab 96, gari dogo lililovutwa na magurudumu ya mbele. Mwaka uliofuata Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda pamoja na nduguye Jaswant kwa Volvo PV544, gari la Sweden lililokuwa limekwisha kutumika katika mashindano kabla ya kufika mikononi mwake. Gari la mtumba kutoka nchi ya theluji likashinda katika matope ya Afrika Mashariki! Mwaka 1974 Joginder huyo huyo, akiendesha Mitsubishi Lancer ndogo, alimpita Björn Waldegård aliyekuwa na Porsche.

Na magari ya kusukuma magurudumu manne je? Audi Quattro ilikwisha kushinda katika theluji ya Sweden mwaka 1981, lakini hapa kwetu ilibidi kungoja hadi 1987 ndipo gari la aina hiyo liliposhinda Safari kwa mara ya kwanza: Audi 200 Quattro ya Hannu Mikkola, nayo pia ilikuwa saluni. Sisemi kwamba mfumo huo hauna faida. Magari yote yanayogombea ushindi siku hizi huko Naivasha, tangu mashindano ya dunia yaliporudi mwaka 2021, yanautumia. Ninasema tu kwamba haukuwa siri ya wale waliovuka tope wakati wenzao walipozama. Siri yao ilikuwa gari lililoinuka vya kutosha, springi ndefu zilizoweza kufuata mashimo, tairi nyembamba zilizokata tope hadi ardhi ngumu, na dereva aliyejua wakati wa kutulia. Kalle Rovanperä, aliyeshinda Naivasha mwaka 2022 na 2024, ni mtoto wa Finland aliyejifunza udereva tangu utotoni kwenye theluji na barafu. Ujuzi wa utelezi hausahauliki hata ardhi inapobadilika rangi.

Basi mwalimu achague vipi? Nitaeleza kwa utaratibu ambao mimi mwenyewe ningeufuata lau ningeanza upya.

Kwanza ajue njia yake, ndipo ajue gari lake. Aipite njia hiyo kwa miguu au kwa pikipiki siku ya mvua, akatazame mahali ambapo magari hukwama na mahali ambapo huteleza. Kama nyumba iko Nakuru mjini na shule iko kando ya lami, gari la kuvutwa na magurudumu ya mbele linamtosha kabisa. Injini huyakalia magurudumu hayo, na uzito wake huyashindilia yashike. Udhaifu wake huonekana kwenye kilima kikali chenye utelezi: uzito huhamia nyuma, magurudumu ya mbele hubaki mepesi, yakazunguka bure. Ndiyo maana utaona madereva wazoefu wakipanda kilima kinyumenyume. Si wazimu huo, ni fizikia. Gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma lina udhaifu wa kinyume chake. Likiwa tupu, nyuma yake ni nyepesi, na ndiyo maana wenye Peugeot 504 za zamani walipenda kuweka gunia la viazi kwenye buti hata kama hawakuwa na soko la kwenda.

Saluni za magurudumu manne zipo. Toyota Premio, Allion na Corolla Axio zilitengenezwa pia kwa mtindo huo kwa ajili ya mikoa ya baridi ya Japani, na Subaru imeufanya mfumo huo kuwa desturi katika magari yake mengi, yakiwemo Legacy na Impreza. Anayeishi mbele ya mwisho wa lami huko Keringet au Mau Narok ana sababu nzuri ya kulitaka moja. Lakini ajue gharama yake: mafuta zaidi, vyuma vingi zaidi vya kuharibika, na sharti la kuwa na tairi nne zinazolingana. Ukifunga tairi moja mpya na tatu zilizolika, magurudumu hayazunguki sawa, na mtambo unaoyaunganisha huumia pole pole. Kwa mtu asiyeweza kununua tairi nne kwa pamoja, gari la magurudumu mawili ndilo rafiki wa kweli.

Pili, apime uwazi ulioko kati ya tumbo la gari na ardhi. Saluni nyingi za siku hizi zina sentimita 15 hivi, pengine pungufu zikishapakia abiria. Kuna kipimo rahisi: jiwe la ujenzi la inchi sita lina kimo hicho hicho. Kama jiwe hilo haliwezi kupita chini ya gari, basi kigongo kilichoachwa na malori katikati ya njia hakitapita pia. Gari likishakalia tumbo, magurudumu hubaki yakielea, na hata yangekuwa sita yasingesaidia. Ajihadhari na bampa zilizoshushwa kwa urembo. Vile vile asiliinue gari kupita kiasi kwa vipande vya chuma, kwani kitu kilichoinuliwa hupinduka upesi.

Tatu, na hili ningeliandika kwa wino mwekundu, atazame tairi kabla ya kutazama rangi. Tairi zangu zilikuwa na neno STUDLESS ubavuni, nami nilidhani ni jina la kampuni. Kumbe ni tairi za majira ya baridi, za mpira laini uliokusudiwa kufanya kazi penye baridi, chini ya nyuzi 7 hivi. Katika theluji ya Hokkaido, zikiwa mpya, hazina mfano. Kwenye lami yetu yenye joto hulika haraka, na penye maji huchelewa kushika. Zangu, juu ya hayo, zilikuwa zimezeeka. Kila tairi huwa na tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. 3219 maana yake ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. Fundi alisoma zangu, akahesabu miaka tisa. Mpira uliokuwa laini ulikuwa umekauka kama soli ya kiatu cha zamani, na vijia vyake vilikuwa vimekaribia kufutika. Sheria za Ulaya hukataza kina kilicho chini ya milimita 1.6, kwa barabara za maji na tope, wataalamu wengi hushauri kisipungue 3. Ndani ya vijia hivyo pana vinundu vidogo: uso wa tairi ukilingana navyo, tairi imekwisha. Na asihadaiwe na tairi pana zenye rimu za kumeremeta. Tairi pana huelea juu ya maji na tope, ilhali nyembamba huzama hadi ikapata cha kushika.

Nne, ainame. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sijui methali inayomfaa mnunuzi wa gari kuliko hii. Nchini Japani, katika sehemu zenye theluji nyingi kama Hokkaido, Aomori na Niigata, barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo hurukia chini ya gari na kula chuma kimya kimya. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, lakini baridi nane zenye chumvi zinatosha. Juu, gari litang'aa kama sarafu mpya. Chini, fundi alinionyesha mabomba ya breki yaliyofunikwa na kutu, na mahali ambapo mtu alikuwa amepaka rangi nyeusi mpya ili kuifunika. Hapa pana fumbo ambalo mnunuzi lazima alitegue: magari ya magurudumu manne, yanayosifiwa zaidi kwa njia zetu, mara nyingi ndiyo yaliyoishi mahali penye chumvi zaidi. Kwa hiyo anayelitaka gari la theluji asilipe hata shilingi kabla halijainuliwa, na fundi wake mwenyewe, si wa muuzaji, akalikagua kwa tochi na bisibisi.

Tano, ajue maana ya vifaa vilivyomo. Breki za ABS huzuia magurudumu yasifunge ili dereva aendelee kulielekeza gari. Ni neema kubwa, lakini kwenye changarawe au theluji huru huenda zikarefusha umbali wa kusimama badala ya kuufupisha. Na kile kitufe cha theluji? Kazi yake ni ndogo na ya upole: hulifanya gari liondoke kwa gia ya pili na kupunguza ukali wa mafuta, ili magurudumu yasizunguke bure. Kinasaidia kuondoka, na kazi yake inaishia hapo. Katika mteremko, kinga ya dereva ni gia nzito iliyoingizwa kabla ya kuanza kushuka, mwendo wa pole na breki za kugusagusa.

Najua kuna wasomaji watakaosema kwamba haya yote ni kumtwika mwalimu mzigo wa serikali: barabara zitiwe lami, na mjadala utakwisha. Wana haki ya kudai lami, nami nadai pamoja nao. Hata hivyo tusijidanganye kwamba lami hufuta kanuni za msuguano. Barabara kuu kati ya Salgaa na Sachangwan ni lami tupu, na imekunywa damu nyingi kuliko njia yoyote ya matope ninayoijua. Alfajiri ya Desemba 31, 2017, hapo Migaa, basi na lori viligongana na watu zaidi ya 30 wakafariki. Mteremko mrefu, ukungu, mvua na mwendo wa haraka vinatosha kuua penye lami. Wengine watasema suluhisho ni kununua gari kubwa la kwenda porini. Mwenye uwezo na anunue, lakini asisahau kwamba kanuni ile haikutaja uzito wala kimo, na kwamba gari refu lililoteleza hupinduka pale ambapo saluni ingegeuka tu.

Ninachosisitiza ni hiki: tunapochagua gari, wengi wetu tunajiuliza kama litatufikisha, na muuzaji hutujibu swali hilo hilo kwa sababu ndilo linalouza. Swali la pili, kama litasimama tukirudi tukiwa na watoto wa watu ndani, halina mtu wa kutujibia. Hatuna budi kulijibu wenyewe, kwa kuinama, kwa kusoma tarakimu ubavuni mwa tairi, na kwa kutenga bei ya tairi nne mpya ndani ya mkopo ule ule wa gari. Anayesema fedha za tairi zimekosekana, basi amekwisha kujua kwamba gari hilo lina bei isiyomfaa.

Yule msichana alitolewa plasta wiki chache kabla ya mtihani. Aliandika karatasi zake zote kwa mkono ule ule, kwa mwandiko ulioinama kidogo ambao haukuwa wake wa zamani. Siku ya mwisho alinipata kwenye uwanja wa shule, akanisalimu kwa heshima, akaniuliza jambo ambalo bila shaka lilikuwa likimsumbua tangu siku ile: “Mwalimu, kile kitufe ulichobonyeza kilikuwa cha nini hasa?” Sikuwa na jibu la kumpa. Nimeandika makala haya ili mwalimu mwingine asiulizwe swali hilo akiwa amechelewa kama mimi.